Kijapani kwa anayeanza: maswali ninayoulizwa barazani Lamu

Kila anayenijia na daftari jipya namwambia neno moja kabla hajalifungua: maswali yako ya Kijapani yaulize kwa Kiswahili. Vitabu vingi vya kujifunzia tunavyovipata huku vimeandikwa kwa Kiingereza, na vinafafanua kwa kirefu yale yanayomtatiza Mwingereza. Mengi katika hayo sisi hayatusumbui hata kidogo. Na yanayotusumbua sisi, vitabu hivyo vinayapita mbio.

Nina nyumba ya wageni mtaa wa Langoni, na baada ya alasiri vijana huja barazani kusoma. Wengi ni watembeza wageni na mabaharia wa mashua, na wamo wasichana kadhaa waliomaliza sekondari. Maswali yao ni yale yale, mwaka baada ya mwaka. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa, na pale ambapo jibu liko tayari ndani ya Kiswahili nimekaa zaidi.

Matamshi: rahisi, ila mahali pamoja

Irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, na zinakaribiana sana na zetu. Silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Kwa hiyo wanafunzi wangu husoma kwa sauti siku ya kwanza, na husomeka vizuri.

Tatizo liko kwenye mkazo. Sisi tumezoea kukaza na kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ba-ha-RI-ni. Mwanafunzi akikutana na neno *obasan* (おばさん), yaani shangazi, au mama yeyote wa makamo, ulimi wake unavuta "ba" bila yeye kujua. Kumbe *obaasan* (おばあさん), yenye "a" ndefu, ni nyanya au bibi mzee. Mama wa watu ana miaka arubaini, nawe umeshamzeesha.

Dawa ni kuhesabu mapigo. Gonga kidole juu ya jiwe la baraza, kila pigo muda sawa: o-ba-sa-n, manne, o-ba-a-sa-n, matano. Angalia kwamba ile "n" ya mwisho, ん, ina pigo lake yenyewe. Hilo lisikutishe, kwani ukisema "mtu" unaipa "m" pigo lake vilevile. Na irabu ndefu unayo pia: "mzee", "juu", "kondoo". Itamke *obaasan* kwa ile "aa" ya "kaa" na utakuwa sawa.

Kuna pigo la tatu ambalo Kiswahili hakina, nalo ni la kimya. Huandikwa kwa っ ndogo. *Kite* (きて) ni "njoo". *Kitte* (きって) ni stempu ya barua. Kati ya "ki" na "te" katika neno la pili unanyamaza pigo moja kamili, kisha unaendelea. Watu huona aibu kunyamaza hivyo, wanapita haraka. Nyamaza.

"Mwalimu, nianze na maandishi gani?"

Hiragana, herufi 46 za msingi. Ukizijua, katakana, 46 nyingine zenye sauti zile zile, ambazo huandikiwa majina ya kigeni na maneno yaliyotoka nje. Kanji, yale maandishi yaliyotoka China, yanafuata polepole. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136. Hakuna anayekudai zote mwaka wa kwanza.

Usikae kwenye herufi za Kilatini zaidi ya wiki chache. Mimi nazitumia hapa kwa ajili ya msomaji ambaye bado hajaanza, lakini daftarini mwako zisionekane. Nunua lile daftari la miraba la hesabu za shule ya msingi. Kila herufi mraba wake, na っ ndogo nayo ipewe mraba wake mzima, kwenye kona. Hata watoto wa Kijapani hujifunza kuandika ndani ya miraba.

Waliopita madrasa wana faida ambayo huwa siachi kuwakumbusha. Aliyefundishwa alifu, be, te kwa kushikwa mkono anajua kwamba herufi ina mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, na kwamba kalamu ikianzia pasipo pake herufi hutoka imepinda. Kijapani ni hivyo hivyo. Mpangilio wa mistari si urembo. Kwa kawaida unatoka juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia. Na Kijapani kikiandikwa wima, kama magazeti na riwaya zao zilivyo mpaka leo, safu zake huanzia kulia. Wanafunzi wangu hufungua kitabu cha aina hiyo kutoka upande unaotakiwa bila kuelekezwa.

Ubishi mkubwa wa katakana ni herufi nne: シ (shi), ツ (tsu), ソ (so), ン (n). Usizikariri kwa kuzitazama, zikariri kwa mwendo wa mkono. Katika シ na ン, vistari vidogo vimepangwa ubavuni, na mstari mrefu unaanzia chini kushoto kupanda juu. Katika ツ na ソ, vistari vidogo vimesimama juu, na mstari mrefu unateremka. Ukiandika kila moja mara nyingi kwa mwendo wake, jicho nalo litaanza kuzitofautisha.

Swali jingine la wiki ya kwanza: kwa nini は husomwa "ha" ndani ya neno lakini "wa" ikiwa kijineno cha sarufi? Ni masalia ya tahajia ya zamani. Mwaka 1946 Wajapani walirekebisha tahajia ifuate matamshi, lakini vijineno vitatu wakaviacha kama vilivyokuwa: は husomwa *wa*, へ husomwa *e*, を husomwa *o*. Ndiyo maana salamu ya mchana, *konnichiwa*, huandikwa こんにちは.

Na mstari wa "ta" usikushangaze: *ta, chi, tsu, te, to*. Mahali pa "ti" pamekaa "chi". Sisi Waamu twasema "nti", mtu wa Unguja asema "nchi", na tunaelewana.

は au が: swali la maswali

Lini jina lifuatwe na kijineno は (*wa*), na lini が (*ga*)? Hili ndilo linalowafanya watu wafunge kitabu, na ndilo Kiswahili kinalolijibu vizuri kuliko lugha nyingi. Vitabu vya Kiingereza vinahangaika hapa kurasa nyingi. Wewe soma sentensi hizi kwa sauti.

ラムは みちが せまいです。 *Ramu wa michi ga semai desu.* Lamu, njia zake ni nyembamba.

Umeona? Tumeitaja Lamu kwanza, tukatua kidogo, kisha tukasema jambo lake. Kule kutua ndiko は. Inaweka mezani kile tunachotaka kukizungumzia. Kilicho chembamba hasa, yaani njia, kinachukua が.

Sasa hizi mbili:

わたしは ファトゥマです。 *Watashi wa Fatuma desu.* Mimi ni Fatuma.
わたしが ファトゥマです。 *Watashi ga Fatuma desu.* Mimi ndiye Fatuma.

Ya kwanza unajitambulisha. Ya pili mtu kaingia barazani anauliza Fatuma ni yupi, nawe unainua mkono. Popote ambapo Kiswahili chako kingesema "ndiye", "ndiyo", "ndicho", tia が. Kutokana na hapo utaelewa kwa nini neno la kuulizia likiwa kiima halichukui は kamwe. だれが きましたか, *dare ga kimashita ka*, ni nani aliyekuja? アリさんが きました, Ali ndiye aliyekuja. Anayeuliza "nani" hana cha kukiweka mezani, maana hicho ndicho anachokitafuta.

Kuna mfano wa nyumbani kwangu ambao huwafungua wengi. Mgeni ameteremka gatini na mizigo, hakuna aliyemtarajia. Msaidizi wangu ananiita: "Amekuja mgeni!" Kitenzi kimetangulia, mgeni kafuata. Hiyo ni おきゃくさんが きました, *okyakusan ga kimashita*. Lakini ikiwa tangu asubuhi tunamngoja mtu aliyeandikisha chumba, ataniambia: "Mgeni amekuja." Hiyo ni おきゃくさんは きました, *okyakusan wa kimashita*. Kiswahili kinabadilisha mpangilio wa maneno, Kijapani kinabadilisha kijineno, kazi ni ile ile. Habari mpya ni が, mtu tuliyekwisha kumzungumza ni は.

Mwisho wa jambo hili: ukitofautisha vitu viwili, vyote hupata は. さかなは たべます。にくは たべません。 *Sakana wa tabemasu. Niku wa tabemasen.* Samaki nala, nyama sili. Isome tena kwa Kiswahili usikie jinsi samaki na nyama walivyovutwa mbele.

Hutakuwa sahihi kila mara kwa kanuni hizi, kwani は na が zina mambo yake ya ndani. Ila zitakutosha mwaka mzima wa kwanza.

Kitenzi, na lile umbo la "te"

Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Hakibadiliki kwa mimi, wewe wala yeye. *Tabemasu* ni nala, wala, ala, twala, zote. Vijana huniuliza, "Sasa mtu atajuaje nani anakula?" Atajua kwa muktadha. Usijaze わたしは kwenye kila sentensi. Hata kwa Kiswahili hurudii "mimi" kila unapofungua kinywa, na kwa Kijapani hurudiwa kwa uchache zaidi.

Umbo la "te", yaani kitenzi kikiishia て (*te*) au で (*de*), linahitaji kukaririwa, hakuna njia ya mkato. Vitenzi vya kundi dogo hudondosha る na kupokea て: たべる, たべて; みる, みて. Vya kundi kubwa hutazama herufi ya mwisho. Vinavyoishia う, つ, る huwa って: かう, かって (kununua), まつ, まって (kungoja), かえる, かえって (kurudi). Vya む, ぶ, ぬ huwa んで: のむ, のんで (kunywa). く huwa いて: かく, かいて (kuandika). ぐ huwa いで: およぐ, およいで (kuogelea). す huwa して: はなす, はなして (kuzungumza). Kisha vitatu vya peke yake: いく huwa いって, する huwa して, くる huwa きて. Jihadhari na かえる, ambacho kwa sura kinafanana na たべる lakini kiko kundi kubwa.

Kazi yake ya kwanza ni kuunganisha matendo, na hapa unayo "-ka-".

いちばに いって、さかなを かって、うちに かえりました。
*Ichiba ni itte, sakana o katte, uchi ni kaerimashita.*
Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani.

"Nika-" zetu ndizo て zao. Tofauti ni moja, na ni kubwa: Kiswahili hutaja wakati kwenye kitenzi cha kwanza, "nili-", na vilivyobaki hufuata. Kijapani hutaja wakati kwenye kitenzi cha mwisho. Kwenda na kununua havijasema kama ni jana au kesho mpaka ufike *kaerimashita*. Kwa hiyo unapomsikiliza Mjapani usikate shauri katikati. Wakati, ukanushi na swali vyote vinakuja mwishoni.

Kazi ya pili ni て pamoja na います, na hapa ndipo ninaposisitiza kuliko popote watu wasipitie Kiingereza. たべています, *tabete imasu*, ni "anakula". Sawa. Lakini すわっています, *suwatte imasu*, ni "amekaa". けっこんしています, *kekkon shite imasu*, ni "ameoa" au "ameolewa". しんでいます, *shinde imasu*, ni "amekufa". Aliyefundishwa kwamba umbo hili ni la tendo linaloendelea atadhani mtu yuko arusini saa hii. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuteseka: kitenzi cha tendo linalochukua muda, soma "-na-", kitenzi cha badiliko ambalo likishatokea hali yake inabaki, soma "-me-".

Na kuna zawadi nyingine. Sisi tunatenganisha "sikula" na "sijala". Kijapani nacho hutenganisha. Sikula jana usiku: たべませんでした, *tabemasen deshita*. Bado sijala: まだ たべていません, *mada tabete imasen*. Ukiulizwa kama umeshakula, jibu ni hilo la pili, au kwa ufupi まだです, *mada desu*, bado.

Mahali, viumbe na kuhesabu

Hapa Kiswahili hakikusaidii. "-ni" yetu ni moja kwa kila kitu: yuko baharini, anaogelea baharini, anakwenda baharini. Kijapani: うみに います, うみで およぎます, うみに いきます (*umi ni imasu, umi de oyogimasu, umi ni ikimasu*). Kuwepo mahali na kuelekea mahali ni に. Kutenda jambo mahali ni で. Kitenzi ndicho kinachoamua, hivyo kitazame kwanza. で pia ni "kwa" ya chombo: ふねで いきます, *fune de ikimasu*, naenda kwa chombo cha majini.

Vitenzi あります (*arimasu*) na います (*imasu*) vyote ni "kuna" au "-po". Kitu kinachojiendea chenyewe, mtu au mnyama, ni います, kwa hiyo karibu kila unachokitia ngeli ya A-WA: ロバが います, *roba ga imasu*, kuna punda. Kiti, mti, nyumba ni あります. Mpaka wa ngeli yetu unavunjika sokoni: samaki anayeogelea ni います, lakini samaki aliye juu ya meza ya muuzaji ni あります, ingawa sisi twasema bado "samaki wapo".

Kuhesabu nako kuna mambo ya ngeli. Vitu vyembamba virefu huhesabiwa kwa ほん: *ippon, nihon, sanbon*. Bapa kwa まい. Wanyama wadogo kwa ひき: ねこが さんびき います, kuna paka watatu. Wakubwa kama punda kwa とう. Mpaka uzizoee, tumia ひとつ, ふたつ, みっつ kwa vitu. Watu usiwahesabu hivyo. Kwao ni ひとり, ふたり, さんにん.

Vivumishi nitavipita haraka. Vinavyoishia い hubadilika vyenyewe kwa wakati: あつい, joto, あつかった, kulikuwa na joto. Usiseme あついでした. いい, nzuri, huwa よかった. きれい inaonekana kama ya kundi hilo lakini siyo, hivyo sema きれいでした.

Kumwita mtu

"Wewe" kwa Kijapani ni あなた, na vitabu huifundisha ukurasa wa kwanza. Nawaomba wanafunzi wangu wasiitumie kwa mgeni. Hapa kwetu mtoto hamwambii mzee "wewe" kavu kavu. Atasema mzee, mama, ami. Kijapani ni hivyo: taja jina lake ukatie さん, "Tanaka-san atakunywa chai?", hata unapozungumza naye uso kwa uso. Jina lako mwenyewe usilitie さん kamwe. Na baki kwenye miisho ya adabu, です (*desu*) na ます (*masu*), na kila mgeni, mkubwa kwa mdogo. Umbo fupi, *taberu* badala ya *tabemasu*, lijue ili ulielewe. Kulitumia, subiri mpaka mtu awe rafiki yako.

Kanji zisomwaje?

Kanji nyingi huwa na usomaji zaidi ya mmoja, mara nyingi ule wa Kijapani na ule uliotoka China. 山 ni *yama*, mlima, lakini katika 富士山 ni *san*: Fujisan. 日曜日, Jumapili, ni *nichiyoobi*, na 日 imo mara mbili, kwanza *nichi*, mwisho *bi*. Kwa hiyo usikariri usomaji wa kanji iliyo peke yake. Kariri neno zima. Anza na siku za juma, kwani 日月火水木金土 zinakupa jua, mwezi, moto, maji, mti, dhahabu na udongo, na utakutana nazo kila mahali. Kanji pia ndizo zinazokuonyesha neno linapoanzia, kwa sababu Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno.

Kwenye simu

Weka kibodi ya Kijapani ya kuchapa kwa herufi za Kilatini. Kijineno "wa" kichape *ha*, "o" kichape *wo*. っ ndogo hutoka ukirudia konsonanti: *kitte* inatoa きって. Irabu ndefu ya katakana, ー, ni alama ya kistari. "O" ndefu ya hiragana mara nyingi huandikwa kwa う, hivyo sekondari, *kookoo*, ichape *koukou*. Na ん, chape *nn* kila mara. きんえん, marufuku ya kuvuta sigara, inataka *kinnenn*. Ukichapa *kinenn* itakutokea きねん, nayo ni kumbukumbu.